Mtego Mtupu, Mbu Tele: Kutafuta Kasoro katika Hesabu ya Mbu wa Dengi Lamu

Karatasi inasema mtaa ni safi, na mtaa unajikuna mchana kutwa. Hali hii huwapata wengi wanaofuatilia mbu mjini Lamu, wawe wahudumu wa afya ya jamii, maafisa wa afya ya umma au wanafunzi waliotumwa kukusanya takwimu. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili: tafuta ile inayokusumbua, soma sababu zake, kisha urudi kazini. Msimamo wangu nautoa mapema. Hapa kwetu hesabu haiharibiwi sana na mitego wala dawa. Inaharibiwa na milango ambayo haikufunguliwa na vyombo ambavyo hakuna aliyeviinamia.

Tunayemtafuta ni Aedes aegypti, mbu mdogo mweusi mwenye pete nyeupe miguuni na mistari myeupe mgongoni iliyopinda kama kinubi. Huuma mchana, hasa asubuhi na tena alasiri kuelekea magharibi. Hutaga juu kidogo ya usawa wa maji, katika vyombo vya ndani na uani, na kwa kawaida haendi zaidi ya mita mia moja au mia mbili kutoka alikozaliwa. Ndiye anayeeneza dengi, na ndiye anayeeneza chikungunya, magonjwa mawili ya homa yanayoletwa na virusi. Pwani imeonja yote mawili: dengi ilithibitishwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1982, Malindi na Kilifi, chikungunya iliipiga Lamu mwaka 2004, na mwaka 2013 Mombasa ikapata mlipuko mkubwa wa dengi.

Mtego wa taa umejaa mbu, Aedes hamna

Hii ndiyo kasoro rahisi kuliko zote. Mtego wa taa unaotegwa jioni na kuteguliwa alfajiri ulitengenezwa kwa ajili ya mbu wanaoruka usiku. Utakupa Culex wa mitaroni na wa mashimo ya vyoo, labda na Anopheles, mbu wa malaria, wachache, halafu utaandika sifuri kwenye safu ya Aedes kana kwamba ulimtafuta. Hukumtafuta. Saa hizo alikuwa ametulia nyuma ya kabati.

Ukipata mtego wa mchana wenye kivutio cha harufu ya binadamu, kama BG-Sentinel, na umeme au betri ya kuuendesha, utumie huo. Usipoupata, chukua kifaa cha kufyonza na uwafuate mbu walikotua: chini ya vitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa, ndani ya zidaka za ukutani, nyuma ya mapazia. Mtego wa mayai nao ni rahisi na hauhitaji umeme, ila una matatizo yake, nayo yanafuata.

Jihadhari pia na wenyeji wanaokushika mkono kukupeleka mtaroni. Kila mtu Lamu anajua mtaro una mbu, na ni kweli unao, lakini wengi wao ni Culex, ambaye hajali maji machafu. Kiluwiluwi wa Culex ana mrija wa kupumulia mrefu na mwembamba. Wa Aedes ni mfupi na mnene, na ukipitisha kivuli cha mkono juu ya chombo huzama na kukaa chini muda mrefu. Wa Anopheles hana mrija, hulala sambamba na uso wa maji. Ukijua tofauti hii utaacha kuijaza karatasi ya dengi kwa hesabu ya mitaro.

Mitego ya mayai inarudi mitupu, na watu wanaumwa

Mtego wenyewe ni kopo jeusi lenye maji na kijiti cha mbao isiyolainishwa, au karatasi nzito iliyozungushwa ndani. Jike hutaga kwenye mbao au karatasi palipo na unyevu, wewe unakuja kuhesabu. Ukirudi mtupu, anza na mahali ulipoutega. Juani hautagwi, na juu ya paa upepo wa kusi huwazuia mbu kutua na kuyakausha maji. Uweke chini, kivulini, pembeni mwa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, au nyuma ya mlango wa daka, ile baraza ya mlangoni, mahali ambapo mtoto haufikii.

Pili, uchunguze ulipatwa na nini ukiwa peke yako. Paka huyanywa maji. Msichana anayefagia huyamwaga, kwa kuwa amefundishwa, na sawasawa, kwamba maji yaliyotuama ni uchafu. Ukiutega nje ya mlango, punda atakapopita na mzigo kichochoroni kopo litakwenda naye. Sisimizi hubeba mayai hadi la mwisho na kukuachia kijiti kisafi. Paka mafuta ya mgando chini ya kopo. Mvua hulijaza hadi ukingoni na kuyazamisha mayai, ambayo huanguliwa kabla hujafika. Toboa tundu ubavuni, kwenye theluthi mbili za kimo, maji yasipande zaidi.

Kopo jipya la plastiki nalo lina harufu. Liloweke siku kadhaa kabla ya kulitumia. Badala ya maji matupu, weka maji yaliyolowekwa majani makavu kwa muda wa wiki moja, kisha yakazimuliwa. Majike huyapenda zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Kopo lako linashindana na kila chombo cha maji kilichomo nyumbani. Nyumba yenye birika, yaani hodhi la maji la kujengewa, chooni, mitungi miwili jikoni na pipa uani ina nafasi nyingi za kutagia, na jike hana haja ya kopo lako. Nyumba ya jirani isiyo na akiba ya maji itakuonyesha mayai mengi kwa sababu kopo ni chombo pekee kilichopo. Ukisoma takwimu hizo bila kujua idadi ya vyombo, utaitangaza nyumba safi kuwa ya hatari na ile ya hatari kuwa safi. Andika basi idadi ya vyombo vyenye maji kando ya idadi ya mayai, kila nyumba, kila mara.

Tegua kila baada ya siku tano hadi saba. Kwa joto la hapa, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku saba hadi kumi, na mtego uliosahauliwa ni kiwanda cha mbu kilichofunguliwa na idara ya afya.

Mayai yapo tele, lakini nyumbani hakuna kiluwiluwi

Kuna chombo hujakiona. Inua macho kwanza: tangi la juu ya paa ambalo kifuniko chake kilichukuliwa na upepo, mfereji wa paa uliozibwa na majani, kona ya darini panapovuja. Halafu tazama chini: sinia ya maji nyuma ya jokofu, vifuu uani, chombo cha kunyweshea kuku. Pwani ya mji ina mashua zilizopandishwa kungoja matengenezo, nazo hushika maji ya mvua tumboni. Lamu mjini magari ni ya kuhesabu, kwa hiyo wakaguzi huruka mstari wa matairi kwenye fomu. Lakini gatini matairi hutumika kukinga vyombo visigongane, na yaliyotupwa pembeni hujaa maji ya mvua.

Kuna nyumba kubwa ambazo wenyewe wako ng'ambo, za Shela na za Mkomani, zinazotunzwa na mlinzi mmoja ambaye hana ruhusa ya kumwingiza mtu. Mbu wa humo haulizi ruhusa kutoka.

Inawezekana pia mayai si ya aegypti. Wapo Aedes wengine wanaotaga katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi, na wakikosa hapo watajaribu kopo lako. Wapo hata aegypti wa umbo jeusi zaidi wanaopendelea mashamba na vichaka kuliko nyumba. Rabai, ndani ya Kilifi, ilipata umaarufu miongoni mwa wataalamu wa wadudu kwa sababu maumbo yote mawili yanapatikana kule. Mayai kwa macho hayatofautiani. Angua sehemu yake, uwalee hadi wawe wakubwa, ndipo uwape jina.

Ukame umeshika, na mbu wameongezeka

Aliyefundishwa kwa mifano ya malaria atadhani amekosea kuhesabu. Hakukosea. Mvua hufuatwa na Anopheles wa madimbwi, lakini Aedes hufuata maji ya akiba, na watu hujaza vyombo hasa pale mfereji unapokauka.

Mwaka 2004 ndio ushahidi. Chikungunya ilipoenea Lamu, mji ulikuwa katika ukame na joto lisilo la kawaida. Maji yaliwekwa akiba majumbani katika vyombo ambavyo havikufunikwa wala kujazwa upya mara kwa mara, na mbu wakapata mahali pa kuzaliana bila bughudha. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Maradhi yakafika Mombasa mwaka huohuo, na mwaka uliofuata yakawa Komoro. Virusi vya safari ile havikuwa vya dengi, lakini mbu ni yuleyule na maji ni yaleyale.

Kwa hiyo kalenda ya ukaguzi isifuate masika na vuli peke yake. Ongeza ukaguzi wakati wa kaskazi, maji ya visima vya Shela yanapotolewa kwa zamu na kila nyumba inapotoa mapipa. Uliza maswali mawili mlangoni: maji ya mfereji yalikuja lini mara ya mwisho, na chombo hiki kilimalizwa chote na kusuguliwa lini? Kuchota na kujaza juu kwa juu hakusafishi kitu. Mayai yamegandamana ukutani juu ya mstari wa maji, huvumilia kukauka kwa miezi, na siku maji yakiyapanda huanguliwa.

Birika la kale linastahili maneno yake. Waliojenga nyumba za mawe walilijua tatizo hili: walifuga samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi, na chini wakajengea bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Birika za baadhi ya misikiti ya zamani zilikuwa na mpango huohuo. Basi ukiambiwa na bibi wa nyumba, "Mai ya birika hayana neno, yana samaki," usimbishie, lakini washa tochi uwaone. Mara nyingine samaki walikufa siku dawa ya klorini ilipotiwa, au birika lilipokauka, na yaliyobaki ni maneno. Na pale birika lilipobomolewa likawekwa tangi la plastiki, desturi ya samaki haikuhamia kwenye tangi. Mimi ningependa kuona samaki wakirudishwa kabla ya kugawa chembechembe za dawa, ingawa wapo wenzangu wanaoona kinyume.

Fahirisi iko chini, wagonjwa wa homa wanapanda

Hapa ndipo penye kazi. Tuanze na namna fahirisi, yaani vipimo vya wingi wa mbu, zinavyopatikana. Fahirisi ya nyumba ni asilimia ya nyumba zilizokutwa na viluwiluwi au pupa. Fahirisi ya vyombo ni asilimia ya vyombo vyenye maji vilivyokutwa nao. Fahirisi ya Breteau ni idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba mia zilizokaguliwa.

Chukua mfano. Orodha ina nyumba 60 za mtaa wa Langoni. Ishirini zilifungwa au mwenyewe alikataa. Ukakagua 40, sita zikakutwa na viluwiluwi, ukaandika 15%. Lakini ikiwa zile ishirini zote ni safi, jibu la kweli ni 10%. Ikiwa zote zina mbu, ni 43%. Ripoti yenye 15% bila kutaja milango ishirini iliyofungwa haina thamani kubwa. Na milango hiyo haifungwi kwa bahati nasibu. Ni ya wanaokwenda kazini mchana na nyumba za wasiokuwepo, yaani humohumo ambamo maji hukaa siku nyingi bila kuguswa. Mingine hufungwa kwa sababu mkaguzi ni mwanamume na nyumbani wapo wanawake peke yao. Ukikaribishwa ukaishia tekani, kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, umekagua daka na huenda kiwanda. Choo na chumba cha nyuma, vilipo birika na mitungi, hujavifikia. Timu isiyo na mwanamke, Lamu, haihesabu mbu. Inahesabu madaka. Rudi alasiri, rudi Ijumaa baada ya sala, mtume binti wa mtaa huohuo anayejua kusema hodi ikaitikiwa.

Sababu ya pili ni uzito wa chombo. Fahirisi ya Breteau hukipa kifuu chenye viluwiluwi watatu na pipa lenye mamia hesabu ileile ya moja. Kampeni ya usafi ikizoa vifuu na makopo, fahirisi itashuka vizuri huku mapipa yakiendelea kutoa mbu kama kawaida. Dawa yake ni kuhesabu pupa, ile hatua ya mwisho wanapojikunja na kuacha kula, kwani wengi wao watakuwa mbu kweli. Gawanya idadi ya pupa kwa idadi ya watu wanaoishi humo. Utagundua haraka kwamba aina mbili tatu za vyombo ndizo zinazozalisha mbu karibu wote wa mtaa.

Ya tatu ni viwango vya hatari tunavyovinukuu. Ile mipaka ya Breteau, chini ya 5 kuwa salama na juu ya 50 kuwa hatari, ilitokana na homa ya manjano. Kwa dengi haishiki vizuri. Singapore imepata milipuko ya dengi fahirisi yake ya nyumba ikiwa kwenye 1% au 2% tu, kwa kuwa watu wengi hawakuwa na kinga. Tumia fahirisi kulinganisha mtaa na mtaa, au mwezi huu na mwaka jana mwezi kama huu. Usiitumie kumwambia mtu kwamba haitamfika.

Ya nne ni muda. Mbu akimnyonya mgonjwa, virusi huhitaji kama siku nane hadi kumi na mbili ndani yake kabla hajaweza kuambukiza, pungufu kidogo joto likizidi. Aliyeumwa naye huchukua siku nne hadi kumi kabla ya homa. Wagonjwa wa leo basi ni matokeo ya mbu wa wiki kadhaa zilizopita. Linganisha homa za wiki hii na fahirisi ya wiki tatu hadi sita nyuma.

Ya tano: pengine mtu hakuumwa nyumbani. Wakati wa mchana yuko shuleni, madrasa, ofisini, gatini, au anatawadha. Kama fomu yako ina nyumba peke yake, nusu ya siku ya mbu hujaigusa.

Mwisho, hakikisha homa ni dengi. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na mtu ana homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo vinauma, kipimo cha antijeni ya NS1, protini ya virusi vya dengi katika damu, hufanya kazi siku za mwanzo za ugonjwa. Baadaye hutafutwa kingamwili. Wakati wa kungoja majibu, mgonjwa apewe parasetamoli na vinywaji, asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma au kutokwa damu kwenye fizi ni sababu ya kumpeleka hospitali saa hiyohiyo, hata kama homa imeshuka.

Fahirisi iko juu, mgonjwa hakuna

Mbu bila virusi ni kero tu. Virusi huja na mtu: abiria wa basi kutoka Mombasa, baharia, mgeni wa Maulidi. Ongeza uangalifu siku ambazo mji umejaa wageni. Yawezekana pia wakazi wengi wana kinga ya aina moja ya dengi waliyowahi kuugua. Aina ziko nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine huweza kuwa kukali zaidi, hivyo utulivu huo si wa kutegemea. Au wagonjwa wapo ila wanaandikiwa malaria. Nenda kituo cha afya uombe idadi ya homa zenye kipimo hasi cha malaria kabla ya kusema hakuna.

Wawili wamekagua nyumba moja, takwimu mbili

Mmoja alikuwa na tochi. Mara nyingi jibu ni hilo. Vinginevyo hawakukubaliana chombo ni nini: je, mtungi mkavu unahesabiwa? (Hapana, kwa fahirisi ya vyombo ni vyenye maji tu.) Kwenye pipa refu, usichote mara moja juu, subiri viluwiluwi watulie, zungusha chujio lenye mpini ukutani ukishuka, kisha wote wawili mfanye vivyo hivyo.

Dawa ilipulizwa, baada ya wiki mbili mbu wamerudi

Moshi huua mbu wanaoruka saa hiyo. Mayai hauyagusi, wala pupa walio birikani nyuma ya kuta nene za mawe, na wiki haitaisha kabla kizazi kipya hakijatoka. Kama moshi ulipita vichochoroni madirisha yakiwa yamefungwa, hata mbu wakubwa wa ndani hawakuguswa. Pima mara tatu: siku moja kabla ya kupuliza, siku ya pili baada yake, na siku ya kumi na nne. Mbu wakubwa na pupa waandikwe katika safu tofauti. Mbu wakishuka siku ya pili na pupa wakabaki walivyokuwa, dawa ilifanya kila kinachoweza kufanywa na dawa ya aina hiyo, na timu ielekezwe kwenye vyombo. Mbu wakubwa nao wasiposhuka, uliza kwanza saa iliyopulizwa, maana kazi ya usiku wa manane haimkuti Aedes akiruka. Ikiwa saa ilikuwa sawa na milango ilifunguliwa, shuku usugu: kusanya mayai kutoka mitego ya mitaa tofauti, kausha vijiti vizuri kivulini, uvifunge kwa karatasi vikiwa na jina la mtaa na tarehe, na uvitume maabara inayopima usugu kwa dawa ileile iliyotumika.